Picha na Michoro ya Zamani ya Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuziokoa, Hatua kwa Hatua

Nimeandika hii manake kila wiki naulizwa swali lile lile, picha za zamani za familia nizihifadhi vipi, na majibu mafupi hayasaidii tena. Mtu amekuta sanduku la picha chini ya kitanda cha bibi yake Kibokoni, furaha imemjaa, akazipiga na simu usiku chini ya taa ya tubu, akazirusha kwa grupu la familia, alafu picha zenyewe akazipeleka zikapigwe laminesheni eti zisiharibike. Miezi sita baadae bibi ashatangulia mbele ya haki, ile picha ya wanaume kumi na wawili mbele ya duka hakuna anaemjua hata mmoja, zile za WhatsApp ukizivuta nyuso zinakuwa vidoti tu, na ndani ya laminesheni ukungu ushaanza.

Wote waliofeli nimewaona wamefeli kwa mpangilio, yaani walianza na skana. Skana ni hatua ya tano. Ukifuata mfuatano ulioko hapa chini utaweza hata kama huna hela nyingi.

## Vitu unavyohitaji kabla hujagusa kitu

- Skana ya meza, ile bapa yenye kioo na kifuniko. Ile ya kuvuta karatasi ndani usiitumie kabisa, inakunja na kuchana picha za zamani.
- Kama skana hakuna, simu yenye kamera nzuri na kitu cha kuishikilia isitikisike. Nitaeleza chini.
- Diski ngumu (hard disk) mbili, sio moja. Flashi ni ya kubebea tu, sio ya kuhifadhia.
- Penseli laini, 2B au zaidi. Peni na makapeni weka mbali, hata usiwe nayo mezani.
- Brashi laini, ya rangi za maji au ya poda, mpya.
- Bahasha za karatasi tupu. Ukipata zisizo na asidi vizuri sana, zikikosekana tumia karatasi nyeupe nzuri, lakini usitumie gazeti wala zile bahasha za kaki.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, geuza chini utafute namba 5 ndani ya pembetatu. Plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu iache dukani, ile harufu ndiyo inayokula picha.
- Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vya chengachenga unavyovikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Kusanya vingi.
- Bafta nyeupe iliyofuliwa na kukaushwa vizuri, ya kutandika mezani.
- Glavu za nitraili kwa negatifu, yaani zile filamu au vioo ambavyo picha husafishwa kutoka kwake. Kwa picha za karatasi mikono iliyooshwa na kukauka inatosha, bora usipake mafuta wala losheni.
- Simu ya pili au rekoda ya kurekodia sauti. Hii ndiyo muhimu kuliko skana yenyewe.

Kuhusu msimu: Mombasa hewa ina unyevu mwaka mzima na chumvi juu yake, lakini Januari na Februari wakati wa kaskazi kuna ukavu kidogo. Fanya kazi hapo. Masika yakishaingia usifungue maboksi, karatasi inavuta maji kutoka hewani, picha zinashikana.

## Hatua ya 1: Usisafishe, usitengeneze, usitoe

Siku ya kwanza kazi yako ni kuangalia tu. Weka sanduku mezani juu ya bafta, piga picha ya sanduku lenyewe lilivyo, piga kila tabaka kabla hujalitoa. Sababu ni kwamba mpangilio ni ushahidi. Picha iliyokaa katikati ya barua mbili za mwaka 1934 ishakupa fununu ya mwaka wake, ukizichanganya zote mezani fununu imekufa.

Vitu vya kukataa kabisa: selotepu, gundi, laminesheni, kufuta na kitambaa chenye maji, kupiga pasi mchoro uliokunjika. Na moshi pia. Najua nyumba zetu, Alhamisi jioni chetezo kinapita kila chumba, lakini chumba chenye picha kiruke, moshi wa udi na ubani unaacha utando wa mafuta juu ya picha na vumbi linaganda pale.

Albamu za gundi, zile za miaka ya sabini na themanini zenye nailoni ya kufunua juu, hizo zina kisa changu. Niling'oa picha ya babu mdogo wangu amesimama Makupa na kanzu yake, nikavuta kwa ukucha, nusu ya uso ikabaki kwenye gundi. Hakuna picha yake nyingine. Kwahivyo nakuambia kama nduguyo: pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha polepole kama unakata jibini, ikikataa iache, skani ukurasa mzima ulivyo. Picha iliyoshikana na kioo cha fremu vile vile, skani na kioo chake.

Umefaulu kama: una picha za simu za kila tabaka na kila kitu kimerudi kwa mpangilio ule ule.

## Hatua ya 2: Tenga zile hatari

Pitia haraka, tenga makundi matatu.

Zenye ukungu. Zitoe nje kwenye kivuli chenye upepo, vaa barakoa, ziache zikauke kwanza kabisa ndio upige brashi, ukipiga zikiwa mbichi unaupaka ukungu ndani ya picha. Zikae boksi lao mpaka mwisho wa kazi.

Negatifu za plastiki. Nusa. Harufu ya siki maana yake plastiki yenyewe inaoza na ile harufu inaambukiza zingine, zitenge. Kama ni za kabla ya 1951 hivi, hazina neno SAFETY pembeni, zina rangi ya kahawia na zinanata, huenda ni naitreti, aina ya filamu ya zamani, na naitreti inawaka moto vibaya sana, ikishika huizimi kirahisi. Zitie bahasha ya karatasi sio bati lililofungwa, mbali na jiko na jua, alafu ongea na watu wa Makumbusho ya Fort Jesus kabla hujafanya lolote.

Vioo. Mastudio ya zamani yalitumia negatifu za kioo. Shika kingo tu, kila kimoja na karatasi yake, visimame wima kama sahani kwenye rafu, usivilaze kimoja juu ya kingine, uzito utavivunja vya chini.

## Hatua ya 3: Kaa na wazee

Hapa ndio moyo wa kazi na hapa ndio watu wanapaharakisha. Picha ya jengo bila jina bado ina thamani, lakini picha ya watu bila majina inabaki karatasi. Skana itakuwepo mwaka ujao, mzee wa miaka themanini na nne hakuna anaejua.

Nenda asubuhi, sio baada ya Adhuhuri jua linapochosha. Chukua picha kumi, kumi na tano mwisho. Kama picha ni ndogo mkuzie kwenye tableti au mchapishie nakala kubwa. Washa rekoda mkiwa mnasalimiana, mwambie wazi unarekodi na umuombe ruhusa, ukiiwasha katikati ya mazungumzo mzee anabadilika sauti, anaanza kuongea kama yuko redioni.

Usianze na "huyu ni nani?" Swali hilo linamtia mtu wasiwasi, akisahau jina moja anaona haya na ananyamaza. Anza na mahali.

"Shikamoo Bi. Hapa palikuwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hapa si ni Ndia Kuu, huioni hiyo roshani? Hiyo ilikuwa nyumba ya muuza vitambaa, na huyu alosimama mlangoni ni mkwewe, si mwanawe, mwanawe alikuwa mfupi."

Umeona? Hukuuliza jina na umepata nyumba, kazi ya mwenyewe na undugu wa watu wawili. Fuata nyumba, misikiti, visima, miti, wazee wetu wanakumbuka mji kwa hivyo. Na majina ya mitaa ya zamani yaandike kama wanavyoyatamka, Kavani, Kuze, Mkanyageni, usiyasahihishe yafanane na ramani ya Google.

Wazee wawili wakipingana andika wote wawili, nani kasema nini. Usiamue wewe.

Sasa la stara, na hili nalisema kwa uzito. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina picha za kina mama zilizopigwa ndani ya nyumba au studio bila buibui, za harusi, za ujana. Walizipiga wazitazame wenyewe na jamaa zao. Uliza kila moja: hii watu wa nje waione, au ni ya familia tu? Akisema ya familia, weka alama F kwenye karatasi yako na isitoke. Kuna nyumba zimefunga milango kwa watafiti wote kwa sababu ya kijana mmoja aliyeposti bila kuuliza, na wala siwalaumu.

Umefaulu kama: kila picha ina angalau mahali AU jina moja AU mwaka wa kukisia, na sauti imehifadhiwa.

## Hatua ya 4: Pata mwaka kwa kuangalia kilichomo

Kumbukumbu za wazee zipime na picha yenyewe. Mombasa ina alama nzuri, hizi natumia kila siku:

- Vitoroli vya reli. Ukiona barabara ina reli nyembamba na kigari chenye kivuli juu kinasukumwa na watu, uko kati ya mwisho wa karne ya 19 na miaka ya 1920.
- Reli kubwa. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, kwahivyo treni yoyote ni baada ya hapo.
- Soko la Mackinnon, Marikiti yetu, jengo ni la 1914.
- Daraja la Nyali linaloelea juu ya maboya: 1931 mpaka 1980, lilipokuja hili la sasa.
- Zile pembe kubwa za mfano wa ndovu za Kilindini Road, leo Moi Avenue: ziliwekwa 1952 kwa ziara ya Princess Elizabeth. Ukiziona, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.
- Fort Jesus ilikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea pale juu mpaka 1963.
- Majina ya barabara. Kibao cha Salim Road ndio Digo Road ya leo.

Geuza nyuma. Postikadi ambayo upande wa nyuma wote ni wa anwani tu, haina mstari katikati wa kutenga ujumbe, mara nyingi ni ya miaka ya mwanzo kabisa, Uingereza iliruhusu mgawanyo huo 1902. Stempu nazo zinasema: zilizoandikwa East Africa and Uganda Protectorates ni za 1903 mpaka 1922, zenye Kenya Uganda Tanganyika zimeanza 1935. Bei ya nyuma ikiwa ni rupia na sio shilingi, hiyo imeandikwa kabla pesa haijabadilika, shilingi ilikuja 1921.

Tazama pia muhuri wa studio chini ya kadi. Wapigapicha wengi wa mwanzo walikuwa Wagoa, yaani watu wa Goa kule India, Coutinho Brothers kwa mfano, na William D. Young ndiye aliyepiga ujenzi wa reli. Picha za familia za kati ya karne utakuta muhuri wa Parekh Studio. Lakini tahadhari, postikadi ziliuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa, tarehe ya muhuri wa posta sio tarehe ya picha.

Ukikwama linganisha na makusanyo makubwa yaliyoko bure intaneti. Chuo cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za 1860 mpaka 1960. Nyaraka za Taifa za Uingereza wana picha za Ofisi ya Makoloni, mfululizo wa CO 1069. Maelezo ya picha hizo yaliandikwa na waliotutawala, kwahivyo utakuta "native" wakati mzee wako anamjua kwa jina la baba yake. Jina unalopata barazani ndilo linalokosekana kule.

### Michoro ina mtego wake

Mchoro sio picha, mchoraji anaweza kuchora asichokiona. Mfano mzuri ni ule wa Braun na Hogenberg, wachapishaji wa Ulaya, wa 1572, unaiweka Mombasa ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala, nyumba zimechorwa kama mji wa Ulaya. Ukiutumia kama ushahidi wa sura ya nyumba zetu umepotea. Michoro ya mabaharia na wapima bahari ni ya kuaminika zaidi kwa mwambao na mkondo wa maji, manake maisha yao yalitegemea usahihi, lakini nyumba walizichora kwa haraka tu.

Kwa kila mchoro jiulize mawili: aliyechora alifika? Na hii ni karatasi ya mkono wake au imechapwa kutoka kitabu? Ukiona mkandamizo wa bamba la kuchapia pembeni au maandishi ya kitabu nyuma, ni chapa. Penseli na chaki usiziguse kwa brashi, zinafutika, na madoa ya kahawia usijaribu kuyatoa.

Umefaulu kama: unaweza kuandika "kati ya 1931 na 1952" na useme kwa nini. Mwaka mmoja kamili bila sababu ni kubahatisha.

## Hatua ya 5: Sasa skani

Futa kioo cha skana kikauke. Zima kila kitu kinachojifanya kusaidia: kurekebisha rangi, kuondoa vumbi, kunoa. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, manake umanjano na madoa ni sehemu ya umri wake.

Picha za kawaida weka 600 dpi, yaani vidoti 600 kwa kila inchi. Picha ndogo za pasipoti 1200. Negatifu ndogo 2400 kwenda juu, na skana iwe na taa kwenye kifuniko. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, kama asili, alafu ndio utoe nakala ya JPEG ya kutuma. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwa 600 dpi inakula karibu MB 26, kwahivyo picha 200 mbele na nyuma ni kama GB 10, diski yoyote ya leo inabeba.

Nasema mbele NA nyuma. Nyuma kuna mwandiko, muhuri, bei. Wanaoruka nyuma ni wengi na huwa wanarudi kuniuliza mwaka.

Kama una simu tu: weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa za ndani zote, zima flashi, simu iwe sambamba kabisa na picha, washa ile mistari (grid) ya kioo cha simu ujue hujapinda, piga tatu uchague. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inaminywa na hairudi.

Umefaulu kama: ukikuza mpaka uso mmoja ujae skrini bado unaona macho.

## Hatua ya 6: Namba na daftari

Majina ya faili kama "bibi harusi nzuri 2" ni kaburi. Tumia namba: herufi tatu za mtaa au familia, namba, alafu A ya mbele B ya nyuma. KIB-014-A, KIB-014-B. Basi.

Namba hiyo hiyo iandike kwa penseli nyuma ya picha, pembeni kabisa, umeilaza kwenye kitu kigumu, mkono mwepesi. Picha za plastiki za miaka ya karibuni penseli haishiki, andika kwenye bahasha yake kabla hujaiingiza.

Daftari au ekseli iwe na: namba, mahali, waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, mwaka na sababu yake, nani kasema, faili ya sauti na dakika yake, mwenye picha, ruhusa (wote au F), hali ya karatasi. Ile safu ya "nani kasema" usiiache hata ukichoka. Mjukuu wa kesho akitaka kupinga ajue anampinga nani.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi kwenye hewa yetu

Kila picha bahasha yake, bahasha zilale ndani ya boksi la plastiki na vipakiti vya unyevu. Vipakiti vinashiba, vitoe kila baada ya miezi miwili mitatu ubadilishe. Klipu za chuma na stepo zitoe zote kwa uangalifu, chumvi ya bahari inazifanya kutu mwaka mmoja tu na kutu inatoboa karatasi. Naftalini usitie humo.

Boksi likae chumba cha katikati, sio ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya kusi, sio chini sakafuni kwa sababu ya mchwa na bomba likipasuka, sio juu karibu na mabati kwa sababu ya joto. Rafu ya katikati ya kabati la nguo inafaa, mbali na choo.

Faili: diski moja kwako, ya pili nyumba nyingine, ikiwezekana mtaa mwingine kabisa. Ukiweza ongeza nakala ya mtandaoni. Diski zote mbili kwenye droo moja ni sawa na diski moja.

## Hatua ya 8: Nani apewe nakala

Familia kwanza. Kisha, kwa zile zilizoruhusiwa, peleka nakala na daftari lake Fort Jesus, au ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, au RISSEA wanaoshughulikia utafiti wa Uswahili. Toa nakala, karatasi za asili zibaki kwa mwenyewe mpaka aamue kwa maandishi. Nilishawahi kuona albamu ya familia moja imeazimwa ofisi fulani kwa mdomo tu, na leo hakuna anaejua iko wapi.

Kuhusu hakimiliki, sheria ya Kenya ya 2001 inazilinda picha kwa miaka 50, kwahivyo za kabla ya uhuru nyingi zishatoka, lakini hilo halikuondolei kuomba ruhusa ya nyumba.

Alafu chapisha kumi bora kwa ukubwa wa A4, maelezo chini kwa herufi kubwa, urudi nazo kwa yule Bi uliyemrekodi. Chukua rekoda tena. Akiona maneno yake yameandikwa chini ya picha ataita jirani, na jirani ana sanduku lake.